Mito Iliyosimamisha Boma Zima Singida

Mwezi wa sita, mwaka 1953, boma zima la Singida lilisimama wima tangu asubuhi mpaka jua la utosi.

Viti vilikuwepo. Vizuri kabisa, vimepangwa safu, kila kimoja na mto wake.

Na watu walikuwa hoi. Wazee wenye magoti mabovu, watemi wenye matumbo, wazungu wenye viatu vya kubana.

Hakuna aliyekaa.

Isipokuwa mtu mmoja. Huyo mmoja ndiye aliyeharibu kila kitu, au ndiye aliyetengeneza kila kitu. Mtaamua wenyewe mkifika mwisho. Msianze kuniuliza maswali katikati.

Aliyeshona ile mito alikuwa bibi yangu, Damari. Wakati huo hakuwa bibi wa mtu yeyote. Alikuwa mjane kijana anayekaa Mwankoko, nje kidogo ya mji, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa.

Kitambaa kipya.

Damari akisikia kwa Mhindi kumefunguliwa jora jipya, hata kama ugali uko jikoni, anaondoka. Anafika dukani, anakishika kitambaa, anakinusa, anakivuta kona kwa kona. Mwisho anakiweka shavuni na kufumba macho. Mhindi alishamzoea. Alikuwa anamwachia tu, anaendelea kuuza chumvi.

Hakuwa na habari ya kuchora kwanza. Kitambaa chenyewe ndicho kilimwambia kinataka kuwa nini.

Aliona cha bluu chenye madoadoa meupe, akarudi nyumbani akashona mto wenye kanga, yule ndege, anakimbia na vifaranga. Aliona cha mistari ya kahawia, akasema hilo ni shamba la uwele baada ya palizi, akatia nyuzi za kijani katikati ya mistari. Ukiuangalia ule mto unataka kushika jembe.

Ndani alijaza manyoya ya kuku. Mwankoko nzima ilijua: ukichinja kuku, nyama yako, manyoya ya Damari. Anayaosha kwa sabuni, anayaanika, anayachambua moja moja kama mchele.

Na chini ya kila mto, kama masista wa misheni walivyomfundisha, alidarizi maneno mawili: USIKU MWEMA.

Shikeni hapo. Usiku mwema.

Mumewe, marehemu Laurian, alikuwa tarishi wa bomani. Krismasi moja alipeleka mto kwa Memsabu, mke wa Bwana DC, mkuu wa wilaya, kama zawadi. Memsabu akaupenda. Akataka mwingine, na mwingine. Laurian alipokufa kwa homa, mito iliendelea kwenda. Damari aliipeleka mwenyewe, akaikabidhi kwenye mlango wa jikoni kwa mpishi, Urbano, na kuondoka.

Mlango wa jikoni. Zaidi ya hapo hakuwahi kukanyaga. Mwanamke wa Mwankoko aende sebuleni kwa Bwana DC kufanya nini?

Basi matanga yakaisha, na siku moja akaja mgeni kutoka Sepuka. Baba mkubwa Damiani, kaka wa marehemu baba mkwe wake, ndiye mkubwa wa ukoo. Nyuma yake alikuja Gaspari, mdogo wake Laurian.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mkwe wangu. Hatukai sana. Tumekuja kukuambia kwamba utarithiwa na Gaspari."

Hivyo tu. Kama mtu anayekuambia kesho mnada.

Ndiyo, padri alikuwa amekataza kurithi wajane. Wazee walimsikiliza vizuri sana padri Jumapili. Jumatatu waliendelea na kazi zao.

Damari akamtazama Gaspari. Jamani, Gaspari! Sepuka nzima ilikuwa na jina lake: Bwana Kitako. Walisema huyo mtu akipeleka ng'ombe malishoni, anakaa juu ya jiwe asubuhi, na jioni ng'ombe ndio wanaomkumbusha kurudi. Hana mke, hana shamba la maana, hana neno. Hata sasa alikuwa ameshakaa kwenye kinu kilicholala, anaangalia kuku.

"Baba mkubwa," Damari akasema, "mimi nina kazi. Nafanya kazi ya serikali."

Damiani akacheka mpaka akakohoa.

"Kazi ya serikali tunaijua, mkwe wangu. Ina kofia. Laurian alikuwa na kofia. Ya kwako iko wapi?"

"Namshonea Memsabu. Amenipa kazi ya mito ya viti vyote vya mbele, siku ya sherehe ya Malkia."

Mzee akaacha kucheka. Sherehe ya Malkia kutawazwa ilikuwa habari ya wilaya nzima, na yeye mwenyewe alikuwa ameitwa kama mzee wa Sepuka.

"Haya. Nitakuja siku hiyo, nione kwa macho yangu. Kama serikali inakujua, baki na mito yako. Kama haikujui, ufunge mzigo, tukirudi Sepuka tunarudi na wewe."

Gaspari alikuwa bado kinuni. Alinyanyuka, akajipangusa, akauangalia mto uliokuwa umeanikwa kwenye kamba, ule wa kanga na vifaranga. Akaubonyeza kwa kidole kimoja.

"Laini," akasema.

Wakaondoka.

Sasa mwelewe hali ya mwanamke huyu. Mito hii ikipendeza, ni mtu huru. Ikikataliwa, ni mali ya Bwana Kitako.

Memsabu alikuwa amesema tu, kupitia kwa Urbano, kwamba kitambaa kiwe cha furaha, kiendane na siku yenyewe. Kisha akasafiri kwenda Arusha kununua kofia. Kweli, kofia. Serikali na kofia hawaachani.

Damari akazunguka maduka yote. Maua ameshashona. Mistari ameshashona. Alikaa siku kadhaa sindano mkononi haina la kufanya, kichwa kitupu kabisa.

Mpaka Mhindi alipomwita toka barabarani.

"Mama Mito! Njoo. Hii imetoka Mombasa, Singida nzima hakuna."

Akafungua jora. Nyekundu na bluu, pembeni maua ya dhahabu, na katikati ya kila duara, Malkia mwenyewe! Taji kichwani, shingo ndefu, anatabasamu kidogo, kama mtu aliyeambiwa ubuyu akaahidi hatasema.

Damari akakiweka shavuni. Akafumba macho.

Kitambaa kikasema naye.

Alishona usiku na mchana. Kila uso wa Malkia aliuzungushia nyuzi nyeupe na nyekundu kwa mfano wa shanga za bibi zake kwenye nguo za ngozi. Na kwa sababu alikuwa fundi asiyependa mchezo, uso aliuweka pande zote mbili za mto. Majirani wakamuuliza kwa nini.

"Mtu hugeuka usingizini," akawaambia. "Akigeuka, amkute Malkia na upande wa pili."

Mnaona tatizo linakokuja? Yeye hakuliona.

Kwao, mto ni wa kichwa. Ni kitu cha heshima. Unaweka shavu lako pale, unasali, unalala. Hata mtoto akikanyaga mto alikuwa anapigwa kofi. Sasa kulaza shavu lako karibu na la Malkia, kuna mapenzi kuzidi hayo? Alijua kwamba wageni wa mbali watakuwa wamechoka, na wazungu wamewawekea kila mmoja mto wake wa kuegemeza kichwa. Akaona ni ukarimu mkubwa.

Siku ikafika. Memsabu alirudi kutoka Arusha jana yake jioni na kichwa kinamuuma, akaenda moja kwa moja kulala. Mito ilipangwa na Urbano alfajiri. Urbano aliona. Lakini Urbano alikuwa mpishi wa siku nyingi, na siri ya kudumu kwenye kazi hiyo ni kutokuona.

Upepo ulikuwa ule wa Singida wa mwezi wa sita, unaopasua midomo. Watu wamejaa uwanjani mpaka chini karibu na ziwa. Bendera inapigapiga. Gari la Bwana PC, mkuu wa jimbo, kutoka Dodoma likaingia na vumbi lake.

PC akashuka. Akasalimia. Akatembea mpaka kwenye kiti chake, akageuka, akainama kidogo ili akae, halafu akatupa jicho nyuma.

Malkia akamtazama.

PC akanyooka haraka, utafikiri kachomwa na mwiba.

Akamtazama DC. DC akakitazama kiti chake. Malkia. Akakitazama cha mkewe. Malkia. Akashika mto mmoja taratibu, akaugeuza.

Malkia.

Memsabu akawa mwekundu kuliko kitambaa. Akanong'ona mito iondolewe, lakini nani aiondoe? Umbebe Malkia kwapani, siku yake, mbele ya PC na umati wote, ukamtupe stoo? DC akatikisa kichwa. PC akabaki amesimama. DC akabaki amesimama.

Na huku kwetu mkubwa akisimama, nani atakaa? Watemi wakasimama. Wazee wakasimama. Mtemi mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Si ndiye aliyetuita huyu? Unamkaliaje mwenye sherehe?"

Hotuba zikaanza. Ndefu. Za Kiingereza, halafu za Kiswahili, halafu mkalimani akazirudia kwa Kinyaturu na kuongeza za kwake. Watu wanahamisha uzito mguu huu, mguu huu. Mzee mmoja akamwegemea askari, naye askari akamwegemea yeye.

Damari alikuwa amesimama kwenye kona ya veranda na wanawake wengine, furaha imemjaa mpaka kooni, anasubiri waanze kulaza vichwa.

Urbano akamjia mbio, aproni imepinda.

"Mama, umetuua."

"Nimefanya nini?"

"Umeweka uso! Watakaliaje uso?"

"Watakalia? Watakalia nini?"

"Mito, mama! Wazungu wanaikalia. Mito ya kwenye kiti ni ya kukalia."

Damari akamtazama kama mtu anayesikia lugha ya kigeni.

"Hata ile ya kanga?"

"Hiyo Bwana DC anaikalia kila jioni akisoma gazeti."

"Yenye Usiku Mwema?"

"Mama, hapo kwenye mwema ndipo hasa anapokaa."

Maskini. Miaka yote ile. Manyoya yote yale yaliyooshwa kwa sabuni.

Aibu ilimpanda tangu kwenye nyayo. Na kabla haijafika kichwani, Baba mkubwa Damiani akawa amefika mbele yake, anachechemea, magoti yake yanamuua kwa kusimama, na hasira inamsaidia kutembea.

"Hii ndiyo kazi ya serikali? Umeisimamisha serikali nzima! Hakuna hata mtu mmoja anayetaka kukalia takataka zako. Hata mmoja! Sherehe ikiisha, unafunga mzigo."

Damari akafunika uso na khanga. Akalia. Hakulia kwa kelele, mabega tu ndiyo yalikuwa yanacheza.

Ndipo watu wakasikia minong'ono upande wa chini, karibu na veranda.

Mtu alikuwa ametoka kwenye umati. Anatembea polepole, mikono nyuma, kama anayekwenda kuangalia ng'ombe wake. Akapita askari, akapita wazee, akafika kiti cha mwisho cha safu ya mbele.

Gaspari.

Akageuka. Akajiweka sawa. Akakaa.

Mungu wangu! Akakaa puu, na uzito wake wote. Akaegemea. Akanyoosha miguu.

"Laini," akasema kwa sauti, uwanja mzima ukasikia.

Hotuba ikakatika katikati ya neno. Mtoto mmoja akaanza kucheka, akazibwa mdomo. Askari wakamrukia, wakamnyanyua huku na huku, wakampeleka mbele ya PC.

"Wewe!" DC akafoka, jasho linamtoka kwenye ule upepo. "Kwa nini umekaa juu ya Malkia?"

Gaspari akafikiri kidogo.

"Miguu ilikuwa inauma, Bwana."

Basi.

Sasa hapa ndipo mambo yakapinduka kwa namna ambayo hata mimi nikisimulia huwa nacheka. PC akamtazama yule mvivu mmoja aliyekaa. Kisha akautazama uwanja mzima, watu mamia kwa mamia waliosimama. Na kidogo kidogo, uso wake ukaanza kulegea.

Akaenda mbele, akasema kwa Kiswahili chake cha ofisini:

"Mimi nimetembea wilaya nyingi. Kote watu wanakaa, wengine wanasinzia. Hapa Singida watu wote wamekataa kukaa mbele ya Malkia, isipokuwa mpumbavu mmoja. Heshima kama hii sijaiona!"

Makofi. Vigelegele. Wazee waliokuwa wanakufa na magoti wakanyoosha migongo, kumbe wamesimama kwa heshima! Ndiyo kwanza wanaambiwa.

"Na nani alifikiri jambo hili la mito? Ni la akili sana."

DC akamtazama mkewe.

"Mimi," akasema Memsabu, akirekebisha kofia yake ya Arusha. Lakini alikuwa na haya kidogo, kwa hiyo akaongeza, "Mimi na Damari. Fundi wangu."

Fundi wangu! Mbele ya PC! Baba mkubwa Damiani alisikia kwa masikio yake yote mawili.

Damari akapewa kazi ya mito ya nyumba ya PC Dodoma. Akaonywa tu kwamba uso wa mtu yeyote asiweke tena, hata wa kuku.

Na Gaspari akapewa ufagio. Afagie uwanja wa boma kila siku mpaka mwezi uandame tena.

Wazee wa ukoo wakakutana siku hiyohiyo nyuma ya duka, hawakuchukua muda. Damiani akatoa hukumu: "Mjane wetu anajulikana na serikali. Na huyu Gaspari amekalia uso wa mwanamke mchana kweupe. Ana nuksi. Hawezi kupewa mke wa mtu, labda apewe mbuzi, na hata mbuzi nitafikiri."

Damari akawa huru.

Kama ningekuwa mtu wa haraka, ningeishia hapo.

Lakini kila alipopeleka mito bomani alimkuta shemeji yake anafagia. Na ajabu, yule mvivu alikuwa anafagia vizuri. Hadi pembeni ya mawe. Shemeji ni shemeji, akaanza kumpelekea uji. Siku moja akashindwa kuvumilia.

"Shemeji, siku ile miguu ilikuwa inauma kweli?"

Gaspari akanywa uji kwanza.

"Mimi ni mchungaji, shemeji. Nimepeleka ng'ombe mnadani kwa miguu tangu nikiwa mdogo. Miguu yangu haijui kuuma."

"Sasa ulikaa kwa nini?"

"Nilimsikia baba mkubwa akikuambia hakuna hata mtu mmoja anayetaka kukalia kazi yako." Akaangalia chini ya kikombe. "Nikaona basi awepo mmoja."

Damari akakaa kwenye jiwe kando yake.

"Ulijua watakukamata?"

"Nilijua."

"Na ulijua wazee watakunyima..." Hakumaliza.

"Hilo ndilo nililijua zaidi," Gaspari akasema. "Mimi si mtu wa kupewa mtu. Ningeona vibaya kila ukinipa chakula."

Akarudisha kikombe, akachukua ufagio wake.

Damari alirudi Mwankoko siku hiyo bila kupita kwa Mhindi. Majirani wakajua kuna jambo.

Mavuno yaliyofuata, alikwenda Sepuka kwa miguu yake mwenyewe. Akapiga goti kwa Baba mkubwa Damiani.

"Shikamoo, baba mkubwa. Nimekuja kumtaka Gaspari."

Mzee alitema uji.

"Si ulimkataa?"

"Nilikataa kupewa. Sasa nachukua."

"Si tumekuambia ana nuksi?"

"Niachie nuksi yangu."

Padri naye akakuna kichwa, kwa kuwa ni shemeji mtu, ruhusa ikaombwa kwa askofu, ikachelewa, ikaja. Wakafunga ndoa. Wazee wakapata kile walichokitaka tangu mwanzo, na hawakufurahi hata kidogo.

Ndiyo. Bwana Kitako ni babu yangu. Nyie mliokuwa mnamcheka tangu juu, niombeni radhi.

Ule mto wa kiti cha mwisho, Memsabu hakutaka kuuona tena, akamrudishia Damari. Babu hakuukalia tena maisha yake yote. Aliulalia. Kila usiku shavu lake na la Malkia, mpaka uso ukafifia, taji likafutika, yakabaki maua tu na yale maneno mawili. Lakini nisiwadanganye, alikuwa mvivu kweli. Wake za watu walikuwa wanalima, yeye anakaa. Ila alikaa karibu na cherehani ya Bibi, anamchambulia manyoya, na kila kitambaa kipya kikiingia nyumbani, Bibi alikiweka kwanza kwenye shavu lake, halafu la Babu.

Babu alipofariki, huko kwao Sepuka, wanaume walioandaa jeneza walisahau kitu cha kuwekea kichwa. Bibi akaingia ndani, akatoka na ule mto. Akaubonyeza kwa kidole kimoja. Akauweka.

Halafu akasimama pale, mwanamke mzee, akayapapasa yale maandishi kwa vidole kana kwamba ndiyo kwanza anayasoma.

"Usiku mwema," akamwambia.

Kwa hiyo wale wanaobishana Malkia kazikwa wapi, waambieni na Sepuka kidogo yupo.

Na funzo langu ni moja tu, mlichukue au mliache: mtu akikubali kukaa kwenye aibu ili wewe usimame, usiwahi kumwita mvivu. Mpelekee uji kwanza, umuulize.